Chungu Kilichoshinda Mara Tatu

Kingi, tarehe 2 Mei 1954

Dada Colette,

Mimi njo nilipasua chungu chako. Si kaka Léopold. Kaka hakukitia katika tanuru ya Wazungu wala hakukijaribu. Alikifunga tu kwa majani makavu ya migomba akakiweka ndani ya lori. Nilikipasua mimi, hapa Kingi, mchana, kwa mikono yangu, na nilijua ninachofanya. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Hata padri nilimwambia nusu tu. Kwenye kitubio nilisema, "Nilikuwa na wivu," akanipa Salamu Maria tano, nikaondoka.

Unisamehe kwamba sikuanza kwa salamu. Nikianza kwa salamu najijua, nitasalimu mpaka karatasi iishe.

Hatujaonana bado. Unanijua kwa jina tu: Thacienne, mdogo wa Léopold, binti wa Hakorimana, mjukuu wa Mukashema, nyanya yetu tunayemwita Nyogokuru. Nina miaka kumi na sita, na nilimaliza shule ya Masista mwaka jana. Watu husema mimi ni mpole. Si upole, ni haya. Mgeni akifika, mimi niko jikoni mpaka aondoke. Lakini kwa kalamu naweza kusema, kwa hiyo nimekunakilia barua za kaka na zangu, tangu mwanzo. Zangu ninazo kwa sababu Sista alitufundisha kuandika kwanza katika daftari, kufuta makosa, kisha kunakili safi. Yale niliyoyafuta yamebaki katika daftari. Mengine nimekuandikia pia, ili unione nilivyo.

Najua unasoma. Usimpe mtu akusomee.

*

Kingi, 14 Septemba 1953

Kaka yangu mpendwa Léopold,

Pokea salamu za sisi wote. Papa ni mzima, mguu wake umepona, sasa anapanda mlima kwenda kwa ng'ombe bila fimbo. Nyogokuru Mukashema ni mzima. Anauliza kama huko porini wanawapa maziwa. Gaju amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji. Mvua imeanza, tumepanda maharagwe upande wa chemchemi. Paa la jiko bado linavuja pale pale ulipoahidi kuziba.

Kaka, tangu niache shule siku zimekuwa ndefu. Zamani ulikuwa unanisubiri darajani, unachukua mfuko wangu, unaniuliza, "Mwalimu, leo umetufundisha nini?" Sasa natoka shambani na jembe, na hakuna anayeniuliza kitu. Niambie basi habari za kazi yako. Mimi napenda kujua, si kama wengine wanaouliza kwa adabu tu.

Barua yako ilikuwa ukurasa mmoja. Ndani yake jina la Colette liko mara saba. Jina langu liko mara mbili, na moja ni juu ya bahasha. Nimefurahi kwamba umepata mtu mwema huko. Je, ni nani?

Mdogo wako,
Thacienne

(Katika daftari niliandika: "Sikufurahi. Nimeyahesabu kwa kidole." Nikafuta.)

*

Mubi, 11 Oktoba 1953

Mwalimu wangu Thacienne,

Salamu nyingi kwako, kwa Papa na kwa Nyogokuru. Barua yako ilikaa njiani wiki tatu, maana maji yalichukua daraja na malori yalilala upande wa pili. Mwambie Nyogokuru kwamba maziwa tunayapata katika kopo, na ladha yake ni ya kopo. Lakini kuna samaki, kuna ndizi, kuna sombe. Sijakonda.

Umeuliza kazi. Katika laboratwari tunapima mawe yanayotoka mgodini. Tunayasaga, kisha tunayayeyusha ndani ya vikombe vidogo vya udongo. Vikombe vilikuwa vinatoka Ulaya. Safari hii vimechelewa, Bwana, Mzungu anayetusimamia, akasema tujaribu udongo wa huku. Kikombe huwezi kukiamini kabla ya kukitesa. Kikipasuka ndani ya moto, jiwe lililoyeyuka linamwagika na kazi ya siku imepotea.

Tulitengeneza vikombe arobaini. Tukatia baadhi katika moto peke yake: vyote vizima. Vingine tukaviwekea uzito wa chuma bila moto: vizima. Vingine maji baridi tu: vizima. Mimi nikafurahi, nikasema tumemaliza. Bwana akacheka, akasema, "Sasa yote kwa pamoja." Tukachukua vile vile vilivyoshinda, tukavipasha moto upande mmoja, uzito juu, kisha tone la maji baridi ubavuni. Tak! Tak! Nusu vilipasuka. Alinieleza hivi: moto unatanua udongo, baridi inaukaza, basi upande mmoja unataka kwenda na mwingine unakataa. Kama kikombe kiko huru kinaweza kuvumilia. Kikiwa kimebanwa na mzigo, hakina pa kukimbilia. Kitu kinaweza kushinda kila adui peke yake, na kikaanguka siku maadui wanapokuja pamoja. Siku hiyo nilikukumbuka, maana wewe ungeelewa kabla yangu.

Vile vilivyobaki vizima vyote vilifinyangwa na Colette. Mama yake ni mfinyanzi hapa karibu na Mubi, na yeye amerithi mkono. Anasaga vipande vya vyungu vilivyovunjika zamani, anavichanganya na udongo mpya. Bwana alimuuliza kwa nini. Akajibu, "Kile kilichopita motoni kinamufundisha mwenzake." Bwana aliandika maneno hayo katika kitabu chake!

Sasa unajua ni nani. Nimemwandikia Papa kwamba nataka kumwoa. Nisaidie huko, wewe ndiye unajua kusema naye wakati ana hasira.

Kaka yako,
Léopold

*

Kingi, 29 Novemba 1953

Kaka mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sote ni wazima. Ndama ameanza kula majani. Kuku wawili wamechukuliwa na kipanga. Valérie wa shule amepata mchumba, mwalimu wa Masisi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi nyingi. (Hapana. Nilichelewa kwa sababu sikutaka.)

Barua yako Papa aliisomewa na katekista, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Musichana wa pori! Atakuja kukamua nini huku? Nguruwe wa pori?"

Nyogokuru akamjibu bila kuacha kupepeta maharagwe: "Na wewe Hakorimana, mutoto wangu, mbele ya kuoa ulijua kukamua? Ulikuwa unamwaga maziwa juu ya miguu yako, paka wanakufuata mpaka kanisani."

Papa akacheka kidogo, ila hakukubali. Akasema, "Basi, mama. Yeye iko mufinyanzi, si njo? Alete chungu. Kikipita kwako, mimi mwenyewe nitapeleka ng'ombe Mubi. Kisipopita, Léopold atatafuta muke huku kwetu. Nimesema."

Unajua Papa akisema "nimesema". Siku ile ile alimpa Théogène, dereva, neno la chungu akuletee.

Chungu kilifika Jumapili iliyopita na lori la Théogène. Alishuka anapiga kelele, "Mukuje mupokee bibi arusi! Kila kona nilimwambia ashikilie vizuri!" Ni chungu kikubwa, cheusi, tumbo pana, na shingoni kuna mstari wa alama za ukucha. Majirani walikuja kutazama. Wote walisema ni kizuri.

Unajua desturi ya Nyogokuru, kwamba watu wa Kingi wakinunua chungu sokoni wanamletea kwanza akijaribu. Siku moja moto, siku nyingine mzigo, siku nyingine baridi. Nilimuuliza kwa nini asifanye yote siku moja tumalize. Akanitazama kama mtu aliyetukana. "Kila jaribu na siku yake. Hata ng'ombe, humukamui na kumuchinja siku moja."

Jana alikiweka juu ya mafiga tangu asubuhi hadi jioni. Hakikusema kitu. Majaribu mengine yatafuata. Nitakuandikia.

Mdogo wako,
Thacienne

*

Kingi, 10 Desemba 1953

Kaka,

Salamu. Papa na Nyogokuru ni wazima. Kunanyesha.

Siku ya mzigo Nyogokuru alijaza chungu mawe ya mtoni, akafunika kwa jiwe la kusagia, kisha akaniita. "Wewe, kalia." Nilikaa juu ya jiwe na uzito wangu wote, miguu juu, muda wa rozari nzima. Hakikusema kitu. Siku ya baridi alikijaza maji ya chemchemi, akakiacha nje kwenye umande mpaka asubuhi. Hakikutoka hata jasho.

Kimeshinda mara tatu. Nyogokuru alipiga vigelegele peke yake uani. Amekitundika darini. Papa anasema siku ya Noeli kitapika maharagwe ya wajomba, na mbele yao atatangaza ng'ombe. Ameamua kutoa yule ndama wa Gaju na mama yake.

Hongera.
Thacienne

*

Dada Colette, hapa katikati hakuna barua. Hapa njo nilifanya.

Ilikuwa Alhamisi kabla ya Noeli. Papa alikuwa kwa ng'ombe, Nyogokuru alikwenda misheni kutubu. Nilikishusha chungu chako. Niliweka kuni upande mmoja tu wa mafiga, si pande zote. Nilitia maharagwe na maji kidogo, nikaweka jiwe la kusagia juu ya mdomo, na juu ya jiwe la kusagia jiwe lingine. Nilingoja mpaka ubavu wa upande wa moto ukawa haushikiki. Kisha nikachota maji ya chemchemi, nikamwaga upande huo huo, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto.

Vyote hivyo nilivijua kwa barua ya kaka. Alinifundisha kazi yake kwa sababu alifikiri mimi nitaelewa kabla yake, na nilielewa.

Hakikupasuka kwa kelele. Kilisema "tik" tu, kama ukucha. Ufa mwembamba kama unywele, kutoka chini ya alama zako mpaka katikati ya tumbo. Nilishtuka. Nilikuwa nimesimama na kata mkononi, na moshi ukaendelea kulamba ule ufa muda mrefu kabla sijapata akili ya kuondoa kuni. Kisha nilikoroga unga wa mtama, nikaupaka ndani ya ufa kwa kidole, nikapaka masizi juu. Nikakirudisha darini. Ukiniuliza kama nilijuta siku hiyo, sikujuta.

*

Kingi, 27 Desemba 1953

Kaka mpendwa,

Salamu za Noeli. Misa ilikuwa nzuri, tuliimba sauti mbili.

Nina habari mbaya. Chungu kilipasuka. Wajomba walikuwa wamekaa, maharagwe yalikuwa yanachemka, Nyogokuru akaongeza maji, na ubavu wote ukafunguka. Maharagwe yalizima moto. Mvuke ulijaa jikoni hatukuonana.

Mjomba mmoja akasema, "Eeh, harusi imeungua." Watu wakacheka. Papa hakucheka. Alisema tu, "Jibu limetoka," akaenda kwa ng'ombe na nguo zake za kanisa. Nyogokuru alipiga magoti akaokota vipande, hata vidogo kama kucha, anavipangusa kwa nguo yake. Alikuwa anarudia, "Kilishinda. Mimi nilikiona kikishinda."

Pole, kaka.

Thacienne

*

Mubi, 20 Januari 1954

Mdogo wangu,

Salamu kwenu wote. Heri ya mwaka mpya. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilimwambia Colette. Hakulia. Aliangalia mikono yake, akaigeuza, akaiangalia tena. Tangu siku hiyo hajagusa udongo. Mama yake anafinyanga peke yake. Bwana anauliza vikombe viko wapi.

Sielewi, Thacienne. Udongo ule ninaujua. Moto, mzigo na baridi vimepita, kisha kinafunguka kwa maharagwe? Nisaidie jambo moja. Kusanya vipande vyote umpe Théogène. Hapa kazini tunaangalia kila kitu kilichovunjika, na kipande hakijui kusema uongo. Kitanionyesha ufa ulianzia wapi.

Usichelewe.

Léopold

*

Kingi, 15 Februari 1954

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zetu. Papa ana kikohozi ila si kikali. Ndama ameumwa na kupe, tumempaka dawa. Maharagwe yamekwisha kuvunwa, mazuri kuliko ya mwaka jana. Viazi bado.

Kuhusu vipande, nasikitika, vilitupwa siku ile ile. Vilikuwa vidogo sana. Hata ningevitafuta nisingevipata chini ya majivu na matope.

Nyogokuru yuko salama, lakini watu hawamletei tena vyungu. Verdiane jirani yetu alinunua viwili wiki iliyopita, akapita mbele ya ua wetu akavificha chini ya kitenge. Nilimsikia kisimani akisema, "Jicho la mama Mukashema limechoka, tumuache apumuzike." Jana nilimkuta Nyogokuru amekaa anapapasa chungu chetu cha zamani, kile cha maziwa, anakigonga kwa kidole na kusikiliza.

(Katika daftari hapa kuna mistari minne nimeifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Mimi mwenyewe siwezi kuisoma sasa.)

Mdogo wako,
Thacienne

Nimefungua tena bahasha kuongeza hili. Théogène alipokuja kuchukua barua, Nyogokuru alitoka na kikapu. Alikuwa ameficha vipande chini ya kitanda chake tangu Noeli. Alimwambia, "Peleka kwa kijana wangu. Yeye iko na mashine. Anielezee mukono wangu ulikosea wapi." Basi vinakuja. Mimi sikujua kwamba vipo.

*

Mubi, 14 Machi 1954

Mdogo wangu Thacienne,

Salamu kwako. Mwambie Papa anywe tangawizi kwa kile kikohozi.

Kikapu kilifika kizima. Nilifunga mlango wa laboratwari siku ya Jumapili nikaviunganisha vipande juu ya meza, vyote, kasoro vitatu vidogo.

Mwambie Nyogokuru kwamba mkono wake haukukosea mahali popote. Mwambie mbele ya majirani, kwa sauti kubwa, na Verdiane awepo. Kosa ni langu. Nimemwandikia Papa pia. Kabla ya kutuma chungu nilikitia katika tanuru yetu, nikakitesa kama vikombe, kwa kiburi tu, nimwonyeshe Bwana. Kikapata ufa nisiouona. Colette na wazazi wake nimewaambia hivyo hivyo, wasifikiri ni mkono wake.

Kwa kuwa unapenda habari za kazi, nakuongezea jambo ambalo sikukuandikia safari ile. Ukivunja kikombe leo, mahali palipovunjika ni pasafi, rangi ya udongo mtupu. Lakini kama palikuwa na ufa tangu zamani na moshi ukaupita, ndani pamekuwa peusi. Hata ukipaka nini juu, ndani pamekuwa peusi.

Huku porini, unajua, mtama haulimwi. Watu hawaujui hata sura. Jumapili ile mezani nilikumbuka sana uji wa mtama wa kwetu.

Basi. Kazi imenisubiri. Soma vitabu vyako usivisahau.

Léopold

*

Kingi, 1 Aprili 1954

Kaka mpendwa,

Salamu. Kikohozi cha Papa kimepona. Nyogokuru nilimwambia mbele ya watu kama ulivyotaka, nilisimama uani nikasema kwa sauti, mimi mwenye haya. Verdiane alikuwepo. Kesho yake alikuja na chungu chini ya mkono, anasema, "Mama, nisaidie kidogo." Nyogokuru alimfanya angoje siku tatu nyingine kabla ya kuanza, kwa adhabu.

Papa alinguruma siku mbili, kisha akasema, "Kosa la kijana si kosa la musichana. Alete kingine." Maneno hayo ni mazuri kuliko tulivyotegemea. Colette afinyange kingine.

Kaka, ile habari ya ufa mweusi nimeisoma mara nyingi. Nataka kukuuliza. Juu ya meza, siku ile, uliona nini? Ukiniuliza nitakujibu.

Thacienne

*

Mubi, 19 Aprili 1954

Mdogo wangu,

Heri ya Pasaka kwenu.

Colette hafinyangi kingine. Amerudisha kitambaa nilichompa na picha yangu. Alisema maneno machache tu, nami nakuandikia kama alivyoyasema: "Nyanya yako kunijaribu, ni haki yake, hanijui. Wewe uliona mikono yangu ikikitengeneza, na bado ukakitesa?" Tangu hapo sijamwona ila kwa mbali, sokoni.

Ameondoka kwa sababu ya kosa langu, basi. Usiulize tena habari za vipande. Hakuna nilichoona. Viko ndani ya sanduku langu na hapo vitakaa.

Paa la jiko nitaliziba nikija.

Léopold

*

Dada Colette,

Umesoma yote. Sasa nimalizie.

Niliposoma barua hiyo ya mwisho, nilifurahi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya zizi, na nilifurahi tangu maziwa ya asubuhi mpaka kengele ya adhuhuri. Nilijisemea, sasa atarudi, atanisubiri darajani. Kengele ilipolia nilianza kusali kwa mazoea, na katikati ya sala nikaelewa barua ile inasema nini.

Kaka alikuwa na neno moja la kukuzuia usiondoke. Angesema tu, "Ni dada yangu," ungebaki, na Papa angenipiga, na Kingi yote ingenijua. Vipande alikuwa navyo, mtama ulikuwa ndani ya ufa. Hakusema. Alikuangalia ukienda na neno liko mdomoni. Mimi nilikuwa nimehesabu majina katika barua, saba na mawili. Hili sikulihesabu.

Kumwambia yeye siwezi. Nilijaribu, na umeona alivyofunga mlango. Anataka nisiseme, ili asilazimike kujua. Kwa hiyo nakuambia wewe, maana chungu kilikuwa chako. Hakukutilia shaka hata siku moja. Mkono wako haukukosea. Kilishinda moto, kikashinda mzigo na mimi nimekaa juu, kikashinda baridi. Mimi niliwaleta maadui wote siku moja, na hata hivyo kilisema "tik" tu, kikangoja mpaka Noeli.

Bado nina wivu. Nisikudanganye kwamba umeisha. Ukija huku, labda siku za kwanza nitakuwa jikoni na hutaniona. Lakini jiko ni letu sote, utaingia tu.

Ninakuomba mambo mawili. La kwanza, mwambie kaka umemsamehe. Usimwambie kwa nini. Kisha mwombe ule mzigo wa vipande ulio ndani ya sanduku lake. Hatakataa. Visage vyote, hata vile vidogo ambavyo Nyogokuru alivipangusa kwa nguo yake, uvichanganye na udongo mpya, kama unavyofanya. Ulisema mwenyewe kwamba kile kilichopita motoni kinamfundisha mwenzake, na hicho kimepita pabaya zaidi ya vyote ninavyovijua. Chungu hicho kikija, nitakisubiri barabarani mimi, si Papa wala Nyogokuru, nitakipokea kwa mikono miwili.

La pili ni hili. Ukivisaga, ule ufa mweusi hautakuwepo tena popote, ila katika karatasi hizi. Uzitie chini ya chungu kipya siku ya kukichoma. Kaka anafikiri ananificha. Tafadhali, mwache aendelee kunificha, ni zawadi yake na sitaki aione imerudishwa. Papa asijue, Nyogokuru asijue, mama yako asijue. Nimekupa wewe peke yako neno hili. Lifiche, wifi yangu.

Thacienne